Daktari wa Ushauri Nasaha: Anasoma Nini na Anakwenda Wapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)

Nimeambiwa nisizidi nusu saa, kwa kuwa pilau iko tayari na vijana wa Kidato cha Kwanza wamekwisha kuanza kutazama mlango wa jiko. Nitajitahidi.

Mada niliyopewa imetokana na barua moja iliyoletwa kwa Kamati. Mwanachama mwenzetu, ambaye ni mwalimu wa sekondari na tayari ana shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, yaani udaktari, katika fani hiyo hiyo. Anaomba Mfuko wetu umsaidie sehemu ya ada. Barua ilipofika ilizua maneno. Wako waliosema ni jambo jema. Wako waliosema, na wana haki ya kusema, kwamba fedha za Mfuko ni za wanachama wote, na heri zijenge uzio wa shule, maana uzio unaonekana kwa macho na ng'ombe wa majirani wamekwisha kuzoea bustani yetu. Kisha mzee wetu mmoja akauliza swali ambalo ndilo lililonileta hapa: "Huyo akishakuwa daktari wa maneno, ataajiriwa na nani?"

Swali hilo ni la haki, na linataka jibu la haki. Mimi si mnasihi, wala si mhadhiri. Ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya utumishi na utawala, na kwa miaka karibu ishirini kazi yangu imekuwa kusoma majalada ya watumishi: nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani amekwenda masomoni, nani amerudi na alirudi kufanya nini. Kwa hiyo nitasema kama mtu wa majalada.

JINA LENYEWE

Tuanze na jina, maana jina ndilo linalopotosha. Mtu akisikia "daktari" anafikiri sindano. Akisikia "ushauri" anafikiri mzee aliyekaa barazani akimwambia kijana la kufanya. Mwenye shahada hii si huyo wala si yule. Hachomi sindano na haandiki dawa. Aidha, jambo linalowashangaza wengi ni kwamba katika kazi yake hatoi mawaidha kwa wingi. Husikiliza, huuliza, na humsaidia mtu aone mwenyewe njia zilizo mbele yake, kisha achague.

Kupeana nasaha kwetu si jambo geni. Pwani kuna kungwi na somo. Bara kuna wazee wa jando na wazee wa ukoo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, wanandoa wapitie kwanza katika Baraza la Usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufikishwa mahakamani. Lakini kungwi anajua jibu kabla mwali hajaketi mkekani. Mnasihi hajui jibu, na amefundishwa kutojifanya analijua. Hapo ndipo penye tofauti, na hapo ndipo panapohitaji shule.

Wadogo zetu watapenda kujua kwamba fani hii haikuanza kwa wagonjwa wa akili. Ilianza kwa vijana kama wao, waliokuwa wakitafuta kazi. Mwaka 1908, katika mji wa Boston, Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1909. Fundisho lake lilikuwa jepesi: kijana ajifahamu mwenyewe, azifahamu kazi zilizopo, kisha ayalinganishe mambo hayo mawili kwa akili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Marekani walirudi nyumbani bila kazi na wakiwa na majeraha yasiyoonekana. Serikali yao ikahitaji wataalamu wa kuwasaidia, na vyuo vikuu vikaitikia. Mwaka 1951, katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Northwestern, fani hiyo ilipewa jina la saikolojia ya unasihi na viwango vya mafunzo yake ya udaktari vikawekwa. Mwaka 1957 Warusi waliporusha chombo chao cha kwanza angani, Wamarekani walishtuka, na mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya elimu ambayo, pamoja na mengine, ilitoa fedha za kufundisha washauri wa shule ili vijana wenye vipaji wasipotee. Tuzingatie hilo: taifa lililoogopa kushindwa katika sayansi liliona kwamba, pamoja na maabara, linahitaji watu wa kukaa na wanafunzi.

Huku kwetu Afrika, shule ya wasichana ya St. Theresa's, mjini Ibadan, Nigeria, hutajwa kuwa ndipo kazi hii ilipoanza kwa utaratibu mwaka 1959, pale masista walipowaandaa wanafunzi wa mwisho kwa ajili ya kazi. Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha katika Wizara yake ya Elimu mwaka 1971, na Kamati ya Gachathi ikakazia jambo hilo mwaka 1976. Kwetu Tanzania huduma hiyo ilianza kutambuliwa rasmi shuleni katika miaka ya 1980, na mwaka 2002 Wizara ilitoa waraka juu yake.

Lakini tuseme kweli. Mwananchi wa kawaida hakulijua neno "ushauri nasaha" kwa waraka. Alilijua kwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jirani zetu wa Uganda walianzisha shirika la TASO mwaka 1987, na tangu mwanzo ushauri nasaha ulikuwa nguzo ya kazi yao. Vituo vya Angaza vilianza hapa nchini mwaka 2001. Julai 2007 Rais Kikwete alizindua kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari, naye mwenyewe akapima hadharani. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria iliyoweka ushauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupima. Maelfu ya wananchi wakaketi kwa mara ya kwanza mbele ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza.

Washauri hao wengi walipewa mafunzo ya majuma machache tu. Walifanya kazi kubwa, na tunawashukuru. Lakini nani aliwafundisha? Nani aliandika mitaala? Na mshauri mwenyewe, aliyewaambia watu kumi habari nzito kwa siku moja, jioni alikwenda kumwambia nani? Hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo tunapoanza kumwona huyu daktari tunayemtafuta.

ASIYEHITAJI UDAKTARI

Kabla sijasema anakwenda wapi, naomba niwatendee haki wanaopinga. Anayetaka kukaa chumbani na mwenye shida, amsikilize na amsaidie, hahitaji udaktari. Shahada ya uzamili, pamoja na mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, inamtosha. Hata Marekani, ambako shahada hizi ni nyingi, leseni ya mshauri hutolewa kwa mwenye uzamili. Jimbo la Virginia lilianza kutoa leseni hizo mwaka 1976, na California likawa jimbo la mwisho kupitisha sheria hiyo mwaka 2009. Jirani zetu wa Kenya walipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, yenye bodi ya kuwasajili, na orodha ya wanaostahili kusajiliwa haikuishia kwa madaktari wa falsafa.

Kwa hiyo kama mwombaji wetu angesema, "Nataka udaktari ili niwasaidie wanafunzi," ningekuwa wa kwanza kumwambia arudi darasani, kwa kuwa sifa ya kufanya hivyo anayo tayari. Sivyo alivyosema. Nimeisoma barua yake mara mbili. Anasema anataka kuwafundisha wale watakaowasaidia wanafunzi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

MIKONO MITANO

Huko Marekani kuna baraza linalotoa ithibati kwa mafunzo ya washauri. Liliundwa mwaka 1981 na kwa kifupi huitwa CACREP. Baraza hilo linataka anayesomea udaktari wa kufundisha washauri afanye, juu ya masomo ya darasani, saa 600 za kazi kwa vitendo, na linamtaka aive katika mambo matano. Mambo hayo nayapenda, kwa sababu ndiyo ramani ya kazi zake. Nitayataja moja moja, na nitayaleta nyumbani.

La kwanza ni kufundisha. Hii ndiyo njia inayochukua wengi. Katika vyuo vikuu vyetu mwenye uzamili huanza kama Mhadhiri Msaidizi, na bila udaktari hapandi kuwa Mhadhiri, sembuse Mhadhiri Mwandamizi au Profesa. Kule Marekani vyuo vyenye ithibati niliyoitaja vilibanwa zaidi: tangu Julai 2013 mwalimu mpya wa kudumu wa fani hii sharti awe na udaktari wa kufundisha washauri, si udaktari wa fani yoyote iliyo karibu. Hapa Afrika Mashariki vyuo vinavyofundisha saikolojia, ualimu na ustawi wa jamii vinahitaji watu hawa. Kenyatta na Egerton, huko Kenya, ni miongoni mwa vyuo vilivyojijengea fani hii.

La pili ni kusimamia washauri wengine. Neno usimamizi lisitudanganye. Si usimamizi wa nyapara. Ni kukaa na mshauri kila baada ya muda, kupitia kazi yake, kumwonyesha alipoteleza, na kumpokea pale mzigo ulipomzidi. Fundi mwashi ana fundi mkuu. Daktari kijana ana daktari bingwa. Mshauri aliyeachwa peke yake huchoka, na akichoka huanza kutoa amri, kisha huanza kukwepa wenye shida. Hospitali, mashirika ya afya, madhehebu ya dini na mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi kama ya Nyarugusu, Kigoma, yote yana washauri wanaohitaji mkono huu.

La tatu ni kushauri kwenyewe. Daktari wa fani hii haachi kukaa na wenye shida, bali hupewa walio wazito zaidi. Wengine hufanya kazi katika ofisi za washauri wa wanafunzi vyuoni, wengine hospitalini pamoja na madaktari wa magonjwa ya akili, na wengine hufungua ofisi zao mijini. Kule Marekani wale waliosomea saikolojia ya unasihi hukaa mwaka mzima wa mafunzo kazini kabla ya kutunukiwa shahada, ndipo hutafuta leseni ya mwanasaikolojia, na wengi hufanya kazi katika hospitali za askari wastaafu. Mwenye ofisi yake mwenyewe ajue mapema kwamba hapa petu watu bado wanaona ajabu kulipia mazungumzo. Mteja anaweza kulipa fundi gari bila kuuliza, akafika kwa mnasihi akasema, "Kwani umenipa nini?"

La nne ni utafiti. Tunatumia vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana wa Chicago na London. Je, kijana wa Sumbawanga aliyefiwa analia kwa namna ile ile? Anamwendea nani kwanza, mjomba au bibi? Kwa Kiswahili, maneno ya huzuni ni yapi, maana watu wetu wengi hawasemi "nina huzuni", husema "moyo unauma" au "nimechoka"? Maswali haya hayajibiwi na mtu wa nje. Yanajibiwa na mtu aliyesoma njia za utafiti na anayejua kuketi mkekani. Taasisi za utafiti, wizara na mashirika ya kimataifa huajiri watu wa namna hiyo.

La tano ni uongozi na utetezi. Sera hazijiandiki. Kenya ilipofuta viboko shuleni mwaka 2001, walimu waliuliza, "Sasa tutumie nini?" Sisi tulipotoa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaowaruhusu walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi darasani, swali lilikuwa: akirudi, nani ataketi naye? Polisi wana Madawati ya Jinsia na Watoto. Askari wa dawati hilo anahitaji kufundishwa namna ya kumhoji mtoto bila kumwumiza mara ya pili. Mwenye udaktari wa fani hii huitwa mezani mambo kama haya yanapopangwa, na asipokuwepo hupangwa na sisi watu wa majalada, nanyi mnatujua.

NJIA HAINYOOKI

Wadogo zetu wasidhani kwamba njia hizi ni reli. Nitawapa mfano wa mtu mmoja mashuhuri kuliko wote katika fani hii, Mmarekani Carl Rogers. Alizaliwa mwaka 1902. Alipoingia chuo kikuu alianza na kilimo. Kisha akaingia chuo cha dini, akakiacha. Akahamia katika saikolojia, akapata udaktari katika Chuo cha Ualimu cha Columbia mwaka 1931. Wakati huo alikuwa tayari kazini mjini Rochester, akiwahudumia watoto waliotendewa vibaya na watoto watukutu, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na miwili. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mama wa mtoto, akiachwa aseme, mara nyingi huonyesha mwenyewe shida iko wapi. Mwaka 1940 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, na mwaka 1945 akaenda Chicago, alikoanzisha kituo cha ushauri. Alirekodi mazungumzo na wateja kwa ridhaa yao ili kazi iweze kuchunguzwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Baadaye akaacha chuo kikuu, akahamia California, na katika uzee wake akazunguka nchi nyingi, hata Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi, akiwakutanisha watu wasioelewana. Alifariki mwaka 1987.

Mtu huyo mmoja alipita katika mikono yote mitano, ila kwa mpangilio ambao asingeweza kuupanga akiwa Kidato cha Nne. Na tazameni: miaka yake kumi na miwili ya kwanza ilikuwa kazini, na watoto, kabla hajawa profesa.

HESABU YA MIAKA NA FEDHA

Sasa nivae kofia yangu ya utumishi. Udaktari huchukua miaka mitatu au minne kwenye karatasi, na mara nyingi mitano au zaidi katika maisha. Huko Marekani mwanafunzi wengi hulipia masomo kwa kufundisha au kusaidia utafiti chuoni. Hapa kwetu wengi hutegemea mwajiri, au ufadhili kama ule wa DAAD wa Ujerumani, wa Jumuiya ya Madola au wa Fulbright, au mfuko wao wenyewe, nao ndio unaovunja nyumba.

Anayeanza na miaka 35 humaliza akiwa na 40. Kwa kuwa umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, taifa lina miaka ishirini ya kumtumia. Anayeanza na 50 ajiulize anasomea kazi au anasomea jina. Sisemi ni vibaya kusomea jina, nasema tu asilipiwe na Mfuko.

Jambo la pili ambalo vijana hawaambiwi ni hili: katika utumishi wa umma mtu hulipwa kwa cheo alichoajiriwa nacho, wala si kwa karatasi iliyo ukutani. Muundo wa Maendeleo ya Utumishi ndio unaosema. Nimeona majalada ya watu waliorudi na shahada kubwa wakakuta hakuna nafasi ya kada yao, wakabaki palepale walipokuwa, wakianza kuandika barua za kuomba kubadilishiwa kada. Wengine walifanikiwa, wengine walichoka. Kwa hiyo kabla hujaondoka, uliza kwa maandishi: nikirudi, nitarudi kwenye nafasi gani? Jibu la mdomo halikai ndani ya jalada.

La tatu, jihadharini na udaktari wa mlangoni. Wako wanaouza shahada kwa miezi michache, na wako wanaogawa udaktari wa heshima kama kadi za harusi. Chuo chochote cha nje kikaguliwe kwanza kwa Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa hata shilingi. Katika fani nyingine mwenye cheti cha uongo hupoteza fedha zake. Katika fani hii huharibu mtu.

TUNALOPOTEZA

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu wa darasa watamkumbuka kijana mmoja wa bweni letu, hodari wa hesabu, aliyekuwa akitufundisha usiku kwa taa ya chemli. Baba yake alifariki tukiwa Kidato cha Tatu. Alikwenda mazishini akarudi baada ya wiki. Akaanza kusinzia darasani. Akaadhibiwa kwa kusinzia. Akaanza kukosa vipindi. Akaadhibiwa kwa kukosa vipindi. Muhula wa pili ulipoisha hakurudi. Simlaumu mwalimu yeyote. Walikuwa wachache, madarasa yamejaa, na walitufundisha kwa moyo. Nasema tu kwamba katika miezi ile mitano hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumwuliza, "Tangu baba afariki, umelalaje?" Leo tumekutana hapa mainjinia, walimu, wafanyabiashara na maaskari. Jina lake halimo katika orodha ya wanachama.

Nayaona hayo hadi leo ofisini. Jalada la mtumishi linakuja likiwa na barua tatu za onyo kwa utoro na ulevi. Ukichunguza, unakuta msiba, au mikopo ya kausha damu, au mtoto mgonjwa. Jalada lina barua tatu za onyo, na halina hata karatasi moja inayoonyesha kwamba kuna mtu aliyemwuliza. Serikali imemsomesha mtu huyo tangu darasa la kwanza, na inampoteza akiwa na miaka 38.

Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi Kidato cha Nne haina ada, na wanafunzi wameongezeka, jambo la kujivunia. Lakini mwalimu wa ushauri nasaha katika shule nyingi ni mwalimu wa somo jingine aliyeongezewa kazi hiyo, bila mafunzo na bila chumba. Hawa hawatapata shahada wote. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha hapo walipo, na wa kurudi kuwatazama. Mtu huyo ndiye tunayeombwa tumsaidie kusoma.

Kwa hiyo namjibu mzee wetu. Ataajiriwa na nani? Ataajiriwa na chuo kikuu, au hospitali, au shirika, au wizara. Atapata kazi, ingawa si lazima aipate mwezi wa kwanza wala si lazima aipate karibu na kwao. Lakini swali linalouhusu Umoja wetu ni jingine: akishaajiriwa huko, sisi hapa tutabaki na nini?

MAPENDEKEZO

Napendekeza mambo manne.

Mosi, Mfuko umsaidie mwombaji sehemu ya ada kwa awamu, na kila awamu itolewe baada ya taarifa ya maendeleo kutoka kwa msimamizi wake wa masomo.

Pili, tuandikiane mkataba. Kwa kila mwaka atakaosaidiwa, aje hapa mara mbili kwa mwaka kuwafundisha walimu washauri wa shule hii na wa shule za jirani, na aendelee hivyo kwa idadi hiyo hiyo ya miaka baada ya kuhitimu.

Tatu, shule itenge chumba. Stoo ya zamani ya vitabu inatosha. Inataka kupakwa rangi, viti viwili, na mlango unaofungika. Mwanafunzi hawezi kueleza jambo lake katika ofisi ya walimu huku wengine wakisahihisha madaftari.

Nne, uzio nao ujengwe, kwa harambee yake, kuanzia upande wa ng'ombe. Siupingi. Ila tukumbuke kwamba uzio humzuia anayetoroka. Haumwulizi anakimbia nini.

Kwa wadogo zetu wanaovutiwa na kazi hii nasema: fanyeni vizuri Biolojia, Kiswahili na Kiingereza, na msiikimbie Hisabati, kwa kuwa utafiti mwingi unahitaji takwimu. Chukueni shahada ya kwanza katika ualimu, saikolojia au ustawi wa jamii. Fanyeni kazi na watu miaka kadhaa. Kisha uzamili. Baada ya hapo, kama bado mnatamani kuwafundisha wengine kazi hiyo, nendeni mkasome udaktari. Na wakati mnasubiri hayo yote, mwenzenu wa kitanda cha jirani akinyamaza ghafla wiki nzima, msingoje mwenye shahada. Mwulizeni.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hayo machache, naomba kutoa hoja.